Tuchangie Kumrudisha Aliye Hai

Ndugu zangu wana wa Kitangari, kule Newala, mlioko Mbagala, Buza, Tandika na Chamazi, neno hili ni lenu, na naomba mlisome mpaka mwisho hata kama litawachoma.

Akifa mmoja wetu Dar es Salaam hatulali. Simu zinazunguka, daftari la michango linafunguliwa, mwenye elfu tano anatoa, mwenye elfu hamsini anatoa, gari linakodiwa, na kabla ya alfajiri msafara umeshavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa na kushika njia ya kusini. Zaidi ya kilomita mia tano, ili ndugu yetu alale kwenye ardhi ya mama yake. Tunafanya vyema. Sitatamka neno moja la kupunguza heshima hiyo.

Lakini yuko ndugu mwingine, na huyu bado anapumua. Amepanga chumba kimoja na mke na watoto. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtaji wa genge umeliwa na mkopo wa kausha damu, na wakopeshaji wanajua mpaka saa anayorudi nyumbani. Usiku anamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba afadhali warudi Kitangari. Asubuhi woga unamrudia, ananyamaza, anadandia gari kwenda kuhangaika tena. Huyu hatujamfungulia daftari. Tunasubiri afe!

Nasema mbele za Mungu kwamba hili ni kosa letu la pamoja, na lazima tulitubu. Mwaka 2020, mwezi wa Julai, taifa zima lilimsindikiza Mzee Benjamin Mkapa, rais wetu mstaafu, mpaka Lupaso, Masasi, kijiji alikozaliwa mwaka 1938. Heshima ile tuliiona kwa macho yetu. Ila watoto wetu wasije wakajifunza kwamba njia ya kurudi kusini hupitia mochwari.

Fungueni kitabu cha Ruthu, kifupi kile, mkisome nyumbani kwa utulivu. Njaa iliwatoa Elimeleki na mkewe Naomi Bethlehemu, mji mdogo, wakaenda Moabu kutafuta chakula. Hakuna mahali Maandiko yanapowalaumu kwa kuondoka. Njaa ni njaa. Huko akafa Elimeleki, wakafa na wanawe wawili, na Naomi akasikia kwamba kwao Bwana amewajilia watu wake na kuwapa chakula. Akainuka. Hakungoja kwanza apate mali ya kuwaonyesha majirani. Aliingia Bethlehemu mjane, hana mtoto, hana kitu, mji wote ukataharuki kumwona, wanawake wakaulizana kama kweli ndiye. Na yeye hakujificha. Aliwaeleza wazi kwamba amerudi mikono mitupu na moyo wake una uchungu.

Ndugu yangu, hapo ndipo penye shida yako. Umeniambia kinachokuzuia kurudi ni ajira, umeniambia ni umeme, umeniambia ni shule za watoto. Sikukatalii, hayo yana uzito wake. Lakini usiku unapogeuka-geuka kitandani, kinachokushika koo ni swali moja utakaloulizwa ukishuka kwenye basi: umerudi na nini? Uliondoka ukiwa kijana wa kutegemewa. Uliahidi kumjengea mama nyumba ya bati. Mwenzako wa jando amekwisha kujenga, na wewe una begi na magodoro mawili. Aibu hiyo ndiyo inayokulipisha kodi Mbagala mwaka hadi mwaka. Aibu ndiye mwenye nyumba wako!

Ivunjeni aibu hiyo. Mungu hakumdai Naomi hesabu ya miaka yake ya Moabu alipofika langoni. Alimpa msimu. Waliingia Bethlehemu mavuno ya shayiri yakianza, yeye na Ruthu, Mmoabu mjane wa mwanawe, na Ruthu huyo, mgeni asiye na shamba, akaenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji, akatoka huko na chakula cha kumlisha mkwewe. Kazi ya kuinama. Mwana wa Newala asiyejua kuinama chini ya mkorosho mwezi wa Oktoba akiokota tangu alfajiri, huyo nani? Mnaijua kazi hiyo. Imewasomesha.

Sasa nisiwahadae, kwa maana mhubiri anayemwita mtu nyumbani kwa maneno matamu atajibu siku ya hukumu. Kitangari si Dar yenye kodi nafuu. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, ikapitia chama cha msingi, ikapitia ghalani, ikangoja mnada, na bei ya mnada haitoki kwako. Hutoka kwa mnunuzi anayesafirisha kwenda India na Vietnam. Mwaka 2018 bei zilikataliwa, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba, na wapo waliongoja malipo yao muda mrefu mno. Anayekuja akiwa amekwisha kuitumia fedha ya msimu kichwani atalia. Na yule wa kangomba yupo, anazunguka mwezi wa njaa na noti mkononi, ananunua korosho zako zingali maua. Ukikubali mwaka wa kwanza, mwaka wa pili unamfanyia yeye kazi kwenye shamba la ukoo wako. Njoo na chakula cha kukufikisha kwenye mavuno. Njoo na fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho. Ukikosa hivyo viwili, tangulia wewe, familia ifuate.

Maji? Bibi zetu walipanda juu ya tambarare ya Makonde isiyo na mto kukimbia watekaji wa watumwa, na gharama ya usalama wao ikawa kushuka bondeni na kupanda na mtungi kichwani maisha yote. Wewe hutoanzia hapo. Mradi wa Maji Makonde ulianza miaka ya 1950, na chanzo chake kikubwa ni Mitema, kwenye bonde letu hili hili la Kitangari. Kutoka huku maji husukumwa kupandishwa kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba. Bomba hukatika, siku nyingine utangoja. Lakini mtu wa Kitangari kukaa Mbagala akinunua maji kwa madumu, halafu akasema kwao ndiko kusikokuwa na maji, hilo naomba alifikirie tena akiwa peke yake.

Na nchi inahitaji watu walio hai. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 za korosho. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao. Ukaja ugonjwa wa ubwiri unga. Bei nayo ikamvunja moyo mkulima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani elfu 20. Miti ilikuwa palepale. Aliyekosekana ni mtu wa kufyeka chini yake. Baadaye utafiti wa kituo cha Naliendele na salfa vikasaidia kuifufua, lakini salfa haijipulizi yenyewe. Leo yako mashamba ya ukoo ambayo mmiliki wake yuko Chamazi na mlinzi wake ni nyasi.

Nawakumbusha pia habari za watu wasiokuwa na kwao kabisa. Mwaka 1876, miaka mitatu tu baada ya soko la watumwa kufungwa Unguja, Askofu Edward Steere alitoka huko na kundi la waliokombolewa utumwani, wakapita Lindi kwenda bara. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, maana wengi walitekwa maeneo ya huko. Walipofika Masasi, chini ya majabali yale mnayoyajua, safari ikaishia hapo. Hawakufika walikokusudia. Walikuwa wameuacha mji mkubwa wa pwani, hawakuwa na mjomba wa kuwapa shamba, na mwaka 1882 Wamagwangwara wakawavamia, wengine wakachukuliwa mateka, misheni ikakimbilia Newala kwa chifu Matola. Kisha Masasi ikaanzishwa tena. Watu wale walijenga mji kwa kukubali kwamba hapa walipo ndipo nyumbani. Nikiwafikiria wao, na nikikufikiria wewe ambaye una mjomba, una kaburi la bibi, una miti iliyopandwa na babu, nashindwa kukuonea huruma. Inuka!

Yako maneno mengine mnanong'ona, na nayataja hadharani. Mnaogopa kurogwa. Mnasema ukijenga nyumba ya maana Kitangari, ndugu watakumaliza. Sikilizeni: woga huo umefukuza walimu, mafundi na wauguzi wengi. Kristo aliyeshinda mauti hashindwi na hirizi ya jirani. Hata hivyo ninyi mnaorudi msije kwa kiburi cha mjini, mkapita barabarani bila salamu, mkawaita wenzenu washamba mbele ya watoto wao, halafu wivu ukiinuka mkasema ni uchawi. Salimia. Kaa mkekani. Nenda msibani hata kwa mtu usiyempenda. Usinunue pikipiki kabla hujapalilia.

Nanyi wenyeji mliobaki! Mnamcheka anayerudi. Mnamwita aliyeshindwa maisha. Mnamhesabia mizigo anaposhuka. Boazi alimwona mwanamke mgeni akiokota shambani mwake akawaagiza vijana wasimsumbue, tena wamwangushie masuke kwa makusudi. Hivyo ndivyo Mungu alivyojenga ukoo wa Daudi, kwa mtu mmoja aliyekataa kudhihaki. Kicheko chako kijiweni kinaweza kumrudisha kijana Mbagala akafie huko, na damu yake itakuuliza.

Mwalimu uliyepangiwa kituo huku, mkufunzi wa Chuo cha Ualimu, muuguzi uliyetoka Bukoba au Moshi: na wewe ni Ruthu. Usiishi miaka mitatu na begi lisilofunguliwa, ukiandika barua za uhamisho. Askofu Trevor Huddleston alitoka kwenye mapambano ya Johannesburg, na mwaka 1960 akawekwa kuwa askofu wa Masasi. Alikaa mpaka 1968, kisha kiti akakishika Askofu Hilary Chisonga, Mwafrika. Katika miaka aliyokuwa huku, alikuwa huku. Nakuomba hilo tu, muda wowote utakaopewa.

Wapo ambao Mungu hajawaita kuondoka Dar. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu Muhimbili abaki. Mwenye mtoto aliye mwaka wa mtihani asimkatize. Mwenye biashara inayowalisha watu wengine asiifunge ili kutimiza mahubiri yangu. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu zaidi ya milioni 5.3, na wako ambao wito wao ni kuwahudumia hao. Anayebaki, abaki akijua kwa nini amebaki. Ninayemkemea ni yule asiyebaki wala asiyeondoka.

Basi fanyeni hivi. Kikao kijacho cha chama chenu cha kuzikana, wekeni mfuko wa pili, wa wanaorudi wakiwa hai. Ulipe nauli ya familia na mizigo. Ulipe unga na maharage mpaka korosho za kwanza ziuzwe. Ulipe salfa ya msimu mmoja. Anayetaka watoto waanze shule Januari aandikwe mapema, asikopeshwe kwa riba, asiulizwe mbele ya watu ameshindwa nini. Kiasi kile kile mnachotoa kwa jeneza, toeni.

Na ninyi wajomba wa Kitangari, ambao kwa desturi yetu ya upande wa mama neno la shamba liko mikononi mwenu, msingoje mpwa afike ndipo mwanze kubishana. Nendeni wiki hii na yule mzee anayeijua mipaka, mumwonyeshe kijana mmoja wa ukoo mti kwa mti, mkaandike kwa mwenyekiti wa kijiji, wakati mzee bado anaweza kutembea mpaka shambani.