Kukasimu Kazi na Swali la Dhamana

Mkuu anapokasimu kazi kwa aliye chini yake, mambo matatu huwa mezani: kazi yenyewe, mamlaka ya kuiamulia, na dhamana ya matokeo. Kazi huhama bila shida. Mamlaka huhama kwa kadiri mkuu anavyoridhia, na wengi huridhia kidogo mno. Dhamana ndiyo yenye mjadala, na dini ziliujadili zamani sana.

Katika Kutoka 18, Musa aliketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, watu wamesimama wakisubiri zamu. Mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, alimwonya kuwa angejichosha yeye pamoja na watu wake. Alimshauri ateue watu wenye uwezo, wacha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa, kisha awafanye wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mashauri madogo wayamalize wenyewe. Magumu yapande kwake. Ushauri ulianza na sifa za watu, ngazi zikafuata. Ofisi nyingi huchora ngazi kwanza, ndipo zikatafuta wa kuzijaza.

Fiqhi ya Kiislamu inachimba zaidi, kwa kuwa iliufanya uwakala kuwa mkataba wenye masharti. Mtu huweza kumweka wakili wa kumnunulia, kumuuzia, kumgawia zaka au kumchinjia. Hawezi kumweka wa kumswalia swala yake ya faradhi. Wakili ni mwaminiwa: mali ikiharibika mkononi mwake bila uzembe wala kuvuka mipaka, halipi. Kwa Mashafii, ambao ndio Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wakili hampi mwingine kazi hiyo bila idhini, isipokuwa iwe imemzidi uwezo au si ya hadhi yake.

Uhuru wa wakili unafika wapi? Hadithi mbili zinasaidia. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume dinari moja anunue kondoo. Alinunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Wanazuoni walibishana kuhusu uhalali wa kuuza kile ambacho mtu hakuagizwa kuuza, lakini nia ya aliyemtuma ilitimia na kila kitu kilirudi kwa mwenyewe. Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alirudi akasema hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume alimfanyia hesabu, kisha akapanda mimbari na kuuliza kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

Tofauti yao si utii wa neno kwa neno, maana Urwa ndiye aliyetoka nje ya maagizo. Ni kwamba mmoja alitumia nafasi aliyopewa kwa faida ya aliyemtuma, mwingine kwa faida yake. Wala hesabu haikumngoja aliyetumwa peke yake: aliyetuma ndiye aliyeidai, hadharani.

Basi dhamana haihami, huongezeka. Aliyekasimiwa hujibu kwa alichofanya; mkuu hujibu kwa aliyemteua, mipaka aliyoweka na hesabu aliyodai. Mkuu anayejitetea kuwa kazi alimwachia fulani ametaja mtendaji tu. La uteuzi na la hesabu bado hajalijibu.