Jina la Liti na Umri wa Sara

Uzao ndio humpa mtu jina la kudumu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini Ketura alimzalia Ibrahimu wana sita, na ni wazazi wangapi wa Singida wamewahi kumbatiza binti yao Ketura? Sara, mke wake mwingine, alizaa mmoja tu, tena uzeeni, na jina lake limejaa kwenye vitabu vya mahudhurio shuleni. Yeye ndiye mwanamke pekee ambaye Biblia ya Kiebrania inataja umri wake wa kufa: miaka 127.

Kama si uzao, basi ni matendo? Sara hakuongoza jeshi wala hakuandika sheria. Alicheka alipoahidiwa mtoto, kisha akakana kwamba alicheka. Alidai Hajiri, mjakazi wake, afukuzwe pamoja na mtoto wake. Mwandishi hakumfichia makosa hayo, nami nadhani hapo ndipo penye siri. Wahubiri bado wanamtetea na wasomaji bado wanamlaumu. Hajiri naye hakusahaulika: kila mwaka mahujaji wa Makka hutembea kati ya Safa na Marwa kukumbuka alivyohangaika kumtafutia mwanawe maji. Jina hudumu pale watu wanapoendelea kulibishania.

Singida nasi tuna mama yetu, Liti, shujaa wa Wanyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi zinasema aliwatumia nyuki kuwashambulia askari. Uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa ni Liti, na jina hilo husikika redioni mechi inapochezwa hapo. Lakini shabiki anaweza kukaa jukwaani dakika 90 asijiulize Liti alikuwa nani. Hapo jina limepona, mwenye jina amepotea.

Tatizo ni kwamba tumemsafisha mno. Tumembakizia nyuki na ushindi. Mrina asali yeyote wa mkoa huu anajua kuwa nyuki waliochokozwa hawamtambui mwenyeji wala mgeni. Aliwezaje basi? Ni nani waliomfuata, na nani walioona heri kushikamana na boma la Mjerumani? Vifo vya waliomfuata vilikuwa mzigo wa nani? Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima. Shujaa asiyeulizwa swali hugeuka kibao cha barabarani: kila mtu anakiona, hakuna anayezungumza nacho.

Kuna watakaosema kwamba Sara ana kitabu na Liti hana. Ni kweli, ila masimulizi ya Sara nayo yalisimuliwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, na aliyeyaandika hakuyachuja yakabaki masifu matupu. Wazee wa Unyaturu wangali na masimulizi yao, mengine yanapingana. Walimu na wanafunzi wayaandike yote, pamoja na yale yanayotutia aibu. Uwanja pekee hautamhifadhi Liti.