Mzio wa Mlaji na Neno la Mpishi

Katika lugha yetu limo neno mzio, nalo si geni. Wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu hujiepusha nacho kwa kuwa humdhuru, ingawa jirani yake hukila kila siku na kuzidi nguvu. Madaktari wa leo wamelichukua neno lilo hilo kuitia hali ya mwili unaopigana na chakula kana kwamba ni adui aliyeingia nyumbani. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mwili uliokwisha kuonja sumu fulani unavyoweza kuangamia kwa kiasi kidogo mno cha sumu ile ile mara ya pili. Na mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Basi bibi aliyesema kwamba mjukuu huyu hali kamba hakuwa akisema upuuzi.

Si kila chakula kinachomsumbua mtu ni mzio. Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani wamepungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Hao wakinywa maziwa huumwa na tumbo, na pengine huona haya mbele za watu. Lakini mwenye mzio mkali wa karanga au wa kamba aweza kuvimba koo na kukosa pumzi katika dakika chache, naye huhitaji sindano ya adrenalini upesi. Kwa mkazi wa Likoni, hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani, ng'ambo ya maji, na feri haina haraka ya mgonjwa.

Mtu ashukaye feri upande wa Likoni hupokewa na harufu kabla hajapokewa na watu. Viazi karai, bajia, mihogo ya kukaanga, samaki, mahamri na mbaazi za nazi: vyote humwita msafiri kwa bei ambayo hata mfuko wa mwanafunzi huiweza. Tuseme kijana mwenye mzio wa kamba anasimama mbele ya karai. Anataka mihogo tu. Mhogo haujamkosea mtu. Lakini je, mafuta yale yalikaanga nini saa moja iliyopita? Hilo haliwezi kuonekana kwa macho.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Ulinzi wa mwili wa mlaji ni juu ya mlaji peke yake, au mpishi naye ana sehemu yake? Wako wasemao kwamba kila mtu aujua mwili wake, na asiyeweza kula cha hotelini ale kwake. Kauli hiyo ina haki ndani yake, maana muuza mihogo ana wateja wengi na faida ndogo, wala si tabibu. Hata hivyo imesahau jambo moja: mlaji aujua mwili wake, bali sufuria aijua mpishi. Ujuzi umegawanyika nusu kwa nusu, na nusu hizo hukutana kwa maneno tu. Mlaji lazima aseme, na mpishi lazima ajibu kweli.

Kusema ni kugumu kuliko tunavyodhani. Kwetu chakula ni heshima, na kukataa tonge ni kama kumkataa aliyelitoa. Watu wakizunguka sinia moja la pilau, yule anayeuliza kilichomo huambiwa anadeka, au anajifanya Mzungu. Mimi huona ajabu katika kejeli hiyo. Likoni hiyo hiyo, mtu akiuliza kama nyama imechinjwa kwa halali hapana amchekaye. Mwenye hoteli hujibu kwa adabu, na akidanganya hujua ametenda kosa kubwa. Mhindu asiyekula nyama hapakuliwi nyama. Mzee mwenye kisukari huletewa chai kavu bila kuombwa maelezo. Tumekwisha kujifunza, basi, kuiheshimu sahani ya mwenzetu kwa ajili ya imani yake na kwa ajili ya uzee wake. Kijana mwenye mzio anaomba adabu iyo hiyo, wala haombi mpya.

Kwa upande wa mpishi, adui si ukatili. Wapishi wakatili ni wachache, nao hufilisika upesi. Adui ni upole usiopimwa. Mteja akiuliza, "Mama, mna karanga humu?" ulimi wa Kipwani huona tabu kumvunja moyo, hujibu "Hamna, mwanangu," hali mchuzi ulipikwa na mwingine alfajiri. Jibu hilo ni tamu, na laweza kuua. Neno "sijui" lingemkosesha mpishi shilingi chache, lakini lingekuwa na uungwana mwingi kuliko ukarimu wote wa sahani iliyojaa.

Uingereza ilijifunza kwa msiba. Mwaka 2016 binti wa miaka 15 alikufa baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta katika unga wake, na karatasi iliyoufunga haikuutaja. Tangu Oktoba 2021 sheria imetaka vyakula vinavyofungwa dukani viandikwe vyote vilivyomo. Kenya nayo humtaka mpishi wa hoteli awe na cheti cha afya asije akawaambukiza walaji. Ni amri njema, lakini cheti hicho hueleza mwili wa mpishi, si yaliyomo chunguni. Kibanda cha mihogo hakina karatasi ya kuandika. Karatasi yake ni kinywa cha mwenyewe.

Wala gharama si kubwa. Mihogo yaweza kukaangwa asubuhi, mafuta yangali mapya, kabla ya kamba. Upawa wa mchuzi wa karanga usiingie katika mbaazi, na kashata za nazi zisilale sahani moja na za karanga. Asiye na karai la pili, na wengi hawana, aweza kusema: "Mafuta haya yamepita kamba, mwanangu. Nenda kwa jirani yangu pale, yeye hukaanga viazi tu." Na huko kwa jirani, kijana na aulize tena.