Jenerali Aliyezikwa Bila Jeneza

Jumapili ya tarehe 21 Aprili 2024 ilinikuta msibani Zagayu, katika nchi ya Wasukuma upande wa Bariadi, mbali na upepo wa bahari. Marehemu alikuwa mkulima wa pamba. Tulikuwa tukisubiri jeneza, ambalo wanawe walikuwa wamelichangisha fedha kwa taabu, na redio ya jirani ikatupa habari: Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi ya ulinzi ya Kenya, anazikwa siku hiyo kijijini kwao Ng'iya, Siaya, bila jeneza, kama alivyousia mwenyewe.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akageuka. "Mwalimu, huyo alikuwa mwenzenu, Mwislamu?" Nikamwambia la, alikuwa Mkristo. "Basi nani kamwamrisha?"

Swali lile nimerudi nalo kisiwani na halijaniacha.

Ogolla alizaliwa Februari 1962, akajiunga na jeshi Aprili 1984. Haikuwa saa njema ya kuwa mwanaanga nchini Kenya. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilikuwa limetoka humo humo katika jeshi la anga, nalo likavunjwa na kuundwa upya kwa jina lingine, jina lake la kwanza lisirudi hadi mwaka 1994. Kijana aliyevaa sare ile siku hizo alivaa pia shaka ya taifa zima. Alifunzwa na jeshi la anga la Marekani kurusha ndege za kivita, akawa mwalimu wa marubani wenzake, akasoma Paris, akafunzwa hata uchunguzi wa ajali za ndege. Mwaka 2018 akawa kamanda wa jeshi la anga, na Aprili 2023 akapewa ukuu wa majeshi yote. Kifua chake kilijaa nishani za daraja za juu. Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024, akitoka kuwatembelea askari wanaopambana na wezi wa mifugo kaskazini mwa Bonde la Ufa, helikopta yake ilianguka Elgeyo Marakwet mara baada ya kuruka. Alikufa yeye na wanajeshi wengine tisa, wawili wakanusurika.

Serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo. Naye alikuwa ameacha neno kwamba azikwe ndani ya saa 72. Dola ikatii. Ikapiga mizinga, ikakunja bendera, ikampeleka kwao upesi, katika nchi ya Wajaluo ambako maiti aghalabu hungojea majuma kadhaa hadi ndugu wa mbali wafike, ng'ombe wapatikane na hema zisimamishwe.

Je, aliyekufa ana amri juu ya walio hai? Sisi wa pwani tumezoea kujibu haraka kwamba wasia una mipaka: mali isizidi theluthi, wala mrithi asidhuriwe. Mantiki ya mipaka ile ni kwamba maiti hawezi kuwatwika wazima mzigo usiobebeka. Nikamweleza mzee hivyo, nikaongeza kwamba Jenerali hakumtwika mtu mzigo, bali aliutua. Nilidhani nimemaliza maneno.

"Kilio ni cha sisi tuliobaki," akasema. "Yeye keshakwenda. Dada yangu akiwa mbali, asiponiona, mmemnyima haki yake, hata kama mimi nimetaka." Kisha akanyamaza kidogo, akaangalia kaburi lililokuwa likichimbwa. "Halafu, mwalimu, mimi nikizikwa bila sanduku, watu watasema wanangu hawana kitu. Yule wamesema ni mnyenyekevu."

Hapo ndipo hoja yangu ilipozama. Yamkini unyenyekevu nao una bei yake, na anayeweza kuilipa ni yule ambaye hakuna atakayemdhania ufukara. Mizinga ilipopigwa Siaya, nani angethubutu kusema jamaa zake walikosa mbao? Mkulima wa Zagayu akiacha wasia ule ule, heshima yake inabaki mikononi mwa majirani. Wazee wa Kisukuma hukumbuka watu wao wakizikwa katika ngozi ya ng'ombe. Jeneza limekuja baadaye, na sasa limekuwa kipimo cha upendo wa watoto.

Nilitaka kujivuna kwamba kwetu sanda imeufuta mzozo huu, kwani tajiri na hamali huvikwa kitambaa kimoja na kuzikwa kabla jua halijachwa. Lakini nikakumbuka makaburi ya nguzo ya Gedi, na yale ya Kunduchi yaliyopambwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Waliozikwa humo walivikwa sanda kama wengine wote, kisha jamaa zao wakaja kusema juu ya ardhi kile kilichokatazwa chini yake. Na leo tazama hitima zetu, nani anapikia watu mia na nani anakopa mchele.

Hata hivyo simwachi Jenerali. Mtu aliyeishi miaka arubaini katika jeshi, ambako hata namna ya kufunga viatu imeandikwa, alijua kwamba mwili wake utadaiwa na wengi: dola, ukoo, kanisa, kamera. Akatangulia kusema neno. Si wajibu wa kila mtu kufanya vile, nami sithubutu kumhukumu mkulima anayetaka mbao nzuri. Ila naona kwamba aliye juu akikataa fahari huwapunguzia walio chini hofu ya kuikosa, angalau kwa siku moja. Kama kuna jirani wa Ng'iya aliyezika mzazi wake mwezi uliofuata kwa gharama ndogo bila kusengenywa, basi wasia ule ulikuwa na kazi kupita kaburi la mwenyewe. Wala tusiwasahau wale tisa, ambao wengi wetu hatukumbuki majina yao wala hatujui waliusia nini.

Alasiri jeneza likawasili kutoka Bariadi mjini nyuma ya gari dogo, jekundu kwa vumbi la barabara. Mzee yule ndiye aliyeinuka wa kwanza kwenda kulipokea, akalipangusa kwa shuka lake mwenyewe.