Ishara Zilizopuuzwa Jinja

Ndugu zangu wa Jinja na Mbale, kosa nitakalolisimulia halikufanywa na wajinga. Lilifanywa na viongozi wasomi walioipenda nchi yao, ila walikuwa na haraka. Yeyote kati yetu, nikiwemo mimi, angeweza kulifanya.

Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, Luteni Idi Amin alipelekwa Turkana, Kenya, kukomesha wizi wa mifugo. Wafugaji wakauawa mikononi mwa kikosi chake. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alitaka Amin ashtakiwe, akashauriana na Milton Obote, Waziri Mkuu. Obote akaona karipio kali linatosha. Tusiharakishe kumlaumu. Waafrika wa Uganda waliokuwa na kamisheni jeshini walikuwa wachache mno, na kumshtaki mmoja wao wakati bendera mpya inasubiri kupandishwa ilikuwa aibu. Ningekuwa kwenye kiti kile, sina hakika kama ningeamua vingine. Lakini damu ilikuwa imemwagika, na mhusika akabaki na cheo chake.

Kisha ikaja Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam. Siku tatu baadaye maasi yakafika kambi ya Jinja. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alipokwenda kuwasikiliza askari, walimshikilia mpaka akakubali kuwapandishia mishahara. Obote akaita majeshi ya Uingereza, nayo yakaizingira kambi na kuwanyang'anya silaha.

Hapo palihitaji kusimama na kutafakari. Julius Nyerere alilivunja jeshi lililoasi na kuunda jipya, Septemba mwaka huohuo. Jomo Kenyatta wa Kenya, ambaye askari wake wa kambi ya Lanet nao waliasi, aliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda iliwatuliza waasi. Mishahara ikapanda, na Amin akapanda pia mpaka kuwa naibu kamanda wa jeshi. Askari wa kawaida alijifunza nini? Kwamba ukimwelekezea waziri bunduki, unalipwa. Somo la namna hiyo halisahauliki kambini.

Ishara ziliendelea. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alileta bungeni suala la fedha nyingi kwenye akaunti ya Amin, akataka asimamishwe kazi na kuchunguzwa. Bunge likaunga mkono. Obote, aliyekuwa akimhitaji Amin dhidi ya wapinzani wake, aliwakamata mawaziri watano na kumkabidhi Amin uongozi wa jeshi. Mei akamtuma kuishambulia ikulu ya Kabaka wa Buganda, Mengo. Januari 1970 Brigedia Pierino Okoya aliuawa Gulu, na minong'ono ikamwelekea Amin. Bado akabaki kazini. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore, Amin aliipindua serikali.

Tazameni mfuatano huo. Kila mara ishara zilikuwepo, na kila mara swali likawa "anatufaa?" badala ya "amefanya nini?" Mtu akishatetewa mara tatu, wa kumzuia mara ya nne huwa hayupo tena. Tuwaulize wabunge wetu, bila woga, nani anachunguza makosa ya wenye silaha leo, na hukumu zake zinatekelezwa wapi.

Tusipouliza, tukumbuke kwamba Februari 1973, hapa Mbale, Tom Masaba, aliyewahi kuwa kapteni katika jeshi hilohilo, alipigwa risasi hadharani kwa amri ya serikali ya Amin.