Aliyeanguka Jana Ainuliwe Leo



Kanisa letu linakataza tumbako, na katazo hilo linabaki. Lakini tumemwona ndugu akijificha na sigara yake, kisha kwa haya akaacha ibada. Je, tulimsaidia?

Waganga wa hospitali wanajua kwamba nikotini humfunga mtu, na wengi hujaribu mara nyingi kabla ya kuacha kabisa. Utafiti uliofanywa Uingereza tangu 1951 mpaka 2001 ulionyesha kwamba anayeacha akiwa na miaka 60 huongeza karibu miaka 3 ya uhai. Akiacha na 30, karibu 10.

Basi, wazee na mama, tumtembelee, tuombe naye. Hamu ikimjia hupita baada ya dakika chache: tuwe karibu dakika hizo. Amina.