Mtoto wa Askari na Neno la Mwalimu

Taifa linapompeleka askari vitani, humchukua pia baba wa mtu. Jeshi humhesabu askari. Pengo la baba hubaki nyumbani, na asubuhi hufika shuleni pamoja na mtoto. Je, mwalimu anadaiwa nini hapo?

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, hawakwenda askari wa JWTZ peke yao. Walikwenda pia vijana wa JKT, polisi, askari magereza, na wanamgambo waliotoka vijijini. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini baadhi ya majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981. Kwa mtoto wa darasa la pili, huo ni muda mrefu mno. Wakati huo madarasa yalikuwa yamefurika kutokana na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ulioanza 1977. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo alikuwa na jibu moja jepesi: "Usilie, baba yako ni shujaa."

Sina ugomvi na neno shujaa. Lakini likisemwa mapema mno humfunga mtoto kinywa. Akishaambiwa kuwa ni mwana wa shujaa, atasemaje kwamba anaogopa? Sifa ya baba inageuka kuwa amri ya mwana kunyamaza.

Wapo wasemao kwamba mwalimu wa haki habagui: mtoto wa askari, wa mkulima wa mtama na wa mlevi wote ni sawa. Ni kweli. Lakini mganga anayewapa wagonjwa wote kwinini hajawatendea haki. Kinachotazamwa si kazi ya baba, bali upungufu alio nao mtoto leo. Kwa kipimo hicho, hata yatima wa mkulima hatasahauliwa.

Kambini, mtoto huwa na wenzake wa hali moja. Katika vijiji vyetu vya Manyoni, aliyeachwa kwa bibi yake wakati baba amepelekwa kulinda amani nchi ya mbali aweza kuwa peke yake shule nzima. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Habari ya namna hiyo aweza kuisikia redioni kabla ya kujua majina ya waliokufa, na kesho yake akaja shule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwanachuo wa ualimu hukaguliwa andalio la somo, matumizi ya ubao na sauti yake. Ningependa afunzwe na mambo haya matatu. Asimhoji mtoto mbele ya wenzake, wala asitangaze alichoambiwa kuhusu aliko baba. Ajue kwamba kusinzia darasani huenda si uvivu. La tatu ndilo gumu. Akiulizwa, "Mwalimu, baba atarudi?" asiahidi. Aseme, "Sijui, mwanangu. Lakini kesho mimi nitakuwepo hapa."

Kurudi kwa baba hakumo katika uwezo wa mwalimu. Kuwepo kwake darasani kesho kumo. Ndiyo maana mbele ya mtoto huyu utoro wa mwalimu si kosa la kazi tu. Ni ahadi nyingine iliyovunjwa.